Mabaharia Kumi Wapweke, Wapangwa na Mtu wa Kakamega

Kabla hujauliza mtu wa Kakamega anajua nini kuhusu bahari, nikujibu: hajui, na ndiyo maana anafaa kuwa refa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka maji ya chumvi utapanda basi la usiku, upite Nairobi, uendelee hadi Mombasa, ushuke ukiwa umevimba miguu. Sina mjomba mwenye jahazi wala nahodha wa kumpendelea. Dhoruba ninazozijua ni zile za alasiri, zinazokuja na mvua ya mawe na kuchapa mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara.

Orodha hii ni ya watu waliozunguka dunia kwa tanga, au waliojaribu, wakiwa peke yao. Hakuna wa kupokezana naye usukani, hakuna wa kutumwa chumvi. Hilo ndilo linalomshangaza mtu wa huku, wala si mawimbi. Hapa kwetu huwezi kutoka Lurambi ukafika mjini na mawazo yako mwenyewe: utakuwa umesalimiwa, umeulizwa nyumbani hawajambo, na umechangishwa matanga ya mtu usiyemjua. Kukaa mwaka mzima bila kuulizwa unaenda wapi? Huo ni uchawi au ni likizo.

Alama zinatolewa kwa ukaidi, vituko na kitoweo. Kasi haina alama. Kubisha ruksa, mradi usinipigie simu usiku.

10. François Gabart: haraka ya nini?

Mwaka 2005 Mwingereza Ellen MacArthur alizunguka dunia kwa siku 71, akilala vipande vipande vya usingizi, na dunia ikasimama kumpigia makofi. Mwaka 2008 Mfaransa Francis Joyon akashusha hadi siku 57. Thomas Coville akaja na 49 mwaka 2016. Desemba 2017 Gabart akamaliza ubishi kwa siku 42 na saa 16, ndani ya chombo cha mita 30 chenye matumbo matatu, yaani binamu tajiri wa ngalawa.

Sasa mtu akikwambia amezunguka dunia kwa siku 42, utamuuliza nini? Ameona nini? Amekula kwa nani?

*Hukumu:* Kuna kamati za harusi hapa ambazo siku 42 hazijakubaliana hata rangi ya tai. Nafasi ya kumi, na ashukuru.

9. Francis Chichester: mzee na malalamiko yake

Aliondoka Plymouth Agosti 1966 akiwa na karibu miaka 65, akasimama Sydney tu, akarudi Mei 1967. Siku 226 za kusafiri. Malkia Elizabeth akamtawaza kuwa Sir kwa upanga ule ule uliotumika kumtawaza Francis Drake karibu miaka 400 nyuma. Chombo chake, Gipsy Moth IV, kilikuwa na pipa la bia. Pamoja na bia hiyo, mzee alikilalamikia chombo safari nzima na hata baada ya safari: kinayumba, hakishiki njia, kimejengwa vibaya.

*Hukumu:* Huku kwetu mwanamume wa miaka 65 hupewa kiti, bia na nafasi ya kulalamika. Yeye alivipata vyote, ila alilazimika kuvifuata baharini.

8. Jessica Watson na Laura Dekker: watoto wa watu

Watson, Mwaustralia, aligongana na meli ya mizigo kwenye safari ya majaribio, kabla hata safari yenyewe haijaanza. Taifa zima likasema arudi darasani. Akatengeneza mlingoti, akaondoka, akarudi Sydney Mei 2010 baada ya siku 210, siku tatu tu kabla ya kutimiza miaka 17. Waziri mkuu akamwita shujaa mbele ya umati, binti akamkatalia hapo hapo.

Dekker wa Uholanzi alipelekwa mahakamani na serikali yake, isiyotaka mtoto wa miaka 13 aende baharini peke yake. Akashinda kesi, akaondoka akiwa na miaka 14, akamaliza Januari 2012 akiwa na 16.

Watunza rekodi wakatoa kalkuleta: umbali wa Watson haukufika maili 21,600 za baharini zinazotakiwa. Sharti lao jingine ni kukata ikweta, na hilo alilitimiza. Ilibidi apande kaskazini, aivuke, kisha ateremke tena kuelekea Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika.

*Hukumu:* Matatu ya Kakamega kwenda Kisumu huikata ikweta mara kadhaa kwa siku, ikiwa na abiria wa ziada na redio juu. Mbona sisi hatupewi cheti?

7. Bertrand de Broc: fundi wa ulimi

Mashindano ya Vendée Globe, 1992 kuingia 1993: peke yako, bila kusimama, bila msaada. Kamba ya tanga ikamchapa de Broc usoni, akauma ulimi wake mwenyewe mpaka ukachanika. Daktari alikuwa Ufaransa, mgonjwa alikuwa bahari ya kusini, na kati yao kulikuwa na mashine ya teleksi tu. Daktari akatuma maelekezo kwa maandishi. De Broc akachukua kioo, sindano na uzi, akaushona. Chombo kikiyumba.

Safari ile hakuimaliza, aliishia New Zealand. Wanaotaka nimtoe kwenye orodha kwa sababu hiyo, naomba kwanza watoe ulimi nje, washike sindano, halafu tuendelee na mjadala.

*Hukumu:* Huyu angepita juu zaidi, ila mtu wa kwetu hawezi kumheshimu sana anayekaa siku kadhaa bila kuongea.

6. Krystyna Chojnowska-Liskiewicz: wa kwanza ni wa kwanza

Mhandisi wa meli kutoka Poland. Aliondoka Visiwa vya Canary Machi 1976 na kufunga duara Aprili 1978, mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake. Wiki chache baadaye, Juni, akafika Naomi James wa New Zealand, aliyewahi kuwa msusi na ambaye miaka michache tu kabla hakujua kutweka tanga. James alipita Rasi ya Horn, ngumu kuliko zote, wakati Krystyna alipita mfereji wa Panama. Hapo ndipo mashabiki wanapokunjiana ngumi mpaka leo.

*Hukumu:* Krystyna. Alianza mapema, akafika mapema. Wa Naomi wanaweza kukata rufaa. Ada ni kilo moja ya sukari.

Mapumziko: mbona hakuna wetu?

Najua unachosubiri. Unasubiri nahodha wa Lamu, au Mkerewe fulani, aliyezunguka dunia peke yake kimyakimya. Sina wa kukupa. Nina nadharia badala yake.

Upepo wa pwani yetu huenda na kurudi. Kaskazi inakuleta kutoka Uarabuni na Bara Hindi, unauza, unaoa ikibidi, kisha kusi inakurudisha ulikotoka. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi kutoka kwa Mungu atahangaika kuizunguka dunia nzima ili afike nyumbani kwa mlango wa nyuma? Wazungu walizunguka kwa sababu pepo za kusini ya mbali huvuma upande mmoja tu, kutoka magharibi, mwaka mzima. Ukishaingia humo, njia fupi ya kurudi ni kwenda mbele.

Na usidhani watu wetu hawakufika mbali. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, ilitoka huko, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikaingia New York ikiwa na karafuu na pembe za ndovu. Nahodha wake wa kibiashara, Ahmad bin Na'aman, akachorwa picha huko na Wamarekani waliomshangaa. Juzi juzi, mwaka 2019, jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyotupwa, lilishuka mpaka Zanzibar. Mwaka 2021 likaonekana hapa karibu, Kisumu, likianza kulizunguka Ziwa Victoria. Ila vyombo hivyo vyote vilijaa watu. Mswahili hasafiri peke yake. Nani atampikia chai, na nani atasimuliwa?

Turudi kazini.

5. Donald Crowhurst: "niko hapa Chavakali"

Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilitangaza zawadi kwa atakayezunguka dunia peke yake bila kusimama. Tisa wakaondoka. Crowhurst, fundi wa vifaa vya elektroniki, aliondoka wa mwisho, Oktoba 31, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, na chombo ambacho hakikuwa tayari. Kikaanza kuvuja. Kurudi kulimaanisha kufilisika. Basi akabaki bahari ya Atlantiki akizungukazunguka, huku akituma nyumbani habari za maendeleo makubwa ambayo hayakuwepo. Aliandika hata daftari la pili la mahali alipo, la uongo, na hesabu zake zilikuwa ngumu kuliko za ukweli.

Unacheka? Wewe ni nani, ambaye mwenzako akikupigia simu unamwambia umefika Chavakali na bado unatafuta soksi?

Ila ya kwake haikuishia pazuri. Nigel Tetley, akiamini Crowhurst yuko nyuma yake anamfukuza, alikikaza chombo chake mpaka kikazama karibu na mwisho. Crowhurst akajikuta anaelekea kushinda zawadi ya mwendo wa kasi, na mshindi hukaguliwa daftari. Julai 1969 chombo chake kilikutwa kikielea bila mtu. Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, siku 312, na mashua ya mbao iliyoundwa Bombay. Zawadi ya pauni 5,000 akaipa familia ya Crowhurst.

Knox-Johnston mwenyewe alipelekwa kwa daktari wa akili kabla ya safari na baada ya safari. Mara zote mbili akaonekana mzima kabisa.

*Hukumu:* Nafasi ya tano ni ya wote wawili, wagawane. Ila mtu anayekaa siku 312 peke yake na kurudi vile vile alivyoondoka, mimi simkopeshi jembe.

4. Kirsten Neuschäfer: hatimaye, Mwafrika

Raia wa Afrika Kusini. Mwaka 2022 aliingia marudio ya mashindano yale yale ya 1968, yenye sharti kwamba utumie vifaa vya zama zile: ramani za karatasi na sekstanti ya kupimia jua. Simu ya kukuonyesha njia, marufuku. Waliondoka 16 kutoka Ufaransa Septemba 2022. Waliomaliza bila kusimama ni watatu.

Katikati ya safari, kusini-mashariki mwa Afrika Kusini, chombo cha Mfini Tapio Lehtinen kikazama kwa dakika chache. Neuschäfer ndiye aliyekuwa karibu. Akashika usukani usiku kucha, akamkuta kwenye boti la mpira, akampandisha, akampa ramu, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea na mashindano yake. Aprili 27, 2023 akaingia bandarini na ndipo akaambiwa kwamba ameshinda. Alikuwa hajui.

Zamani, akiwa kijana, aliwahi kuteremka Afrika hii kwa baiskeli kutoka Ulaya hadi kwao. Peke yake, bila shaka.

*Hukumu:* Namba nne, na najua utasema alistahili moja. Kosa lake ni kuwa na akili timamu. Orodha hii ina upendeleo.

3. Bernard Moitessier: aliyekataa kufika

Rudi 1968. Katika wale tisa alikuwemo Mfaransa huyu aliyezaliwa Hanoi, mpenda yoga. Alikwisha kupita rasi zote ngumu na kubakiza kupanda Atlantiki tu. Wengi walimwona ana nafasi nzuri ya kuchukua zawadi ya mwendo wa kasi. Machi 1969, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, alisogelea meli, akachomoa manati, akairushia barua. Manati! Ile ile ambayo watoto wa Shinyalu hutumia kufukuza ndege shambani. Barua ilisema hapandi kwenda Uingereza. Anaendelea kwenda Pasifiki kwa sababu ana furaha baharini. Akafululiza, nusu dunia nyingine juu ya ile aliyokwisha kuizunguka, mpaka Tahiti.

Mkewe alikuwa Ufaransa akimngoja.

Hebu fikiria barua hiyo ikisomwa huku, mbele ya wakwe, shemeji akiwa ameshika simu anarekodi. Kuna baraza lingeitishwa siku hiyo hiyo. Kuna wazee wangepanda ndege kwenda Tahiti kwa mchango wa ukoo, na wangemrudisha.

*Hukumu:* Ukaidi kumi juu ya kumi. Manati, alama mbili za nyongeza. Unyumba, tusizungumze.

2. Joshua Slocum: baba yao wote

Wa kwanza kabisa. Aliondoka Boston Aprili 24, 1895, akarudi Marekani Juni 27, 1898, baada ya maili zaidi ya 46,000. Ili upate picha: reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896 na ikafika Kisumu 1901. Slocum aliizunguka dunia nzima na kurudi kabla gari moshi halijafika jirani na sisi. Na hakujua kuogelea.

Mashua yake, Spray, alipewa kwa mzaha: gofu lililokuwa limeegeshwa shambani. Akalijenga upya ubao kwa ubao kwa dola 553 na senti 62. (Senti 62. Huyu alikuwa mtu wa kuandika mahesabu, angefaa kuwa mweka hazina wa chama.) Saa yake ilikuwa ya bati, aliinunua kwa dola moja kwa sababu kioo kilikuwa kimevunjika. Baadaye ikapoteza mshale wa dakika. Kwenye Bahari ya Hindi ikagoma, akaichemsha kwenye maji ya moto, ikaendelea. Usijaribu hiyo nyumbani, na kama utajaribu, usitumie sufuria ya mama.

Kule kusini mwa Amerika, nahodha mmoja alimpa mfuko wa misumari midogo ya zulia. Slocum aliimwaga sitaha nzima, ncha juu, akaingia ndani kulala. Usiku mmoja wageni wasioalikwa wakapanda miguu mitupu. Kelele zao ndizo zilizomwamsha, wengine wakirukia mitumbwi yao na wengine majini. Sisi tunaoweka vipande vya chupa juu ya ukuta hatuna la kumfundisha.

Alipofika Afrika Kusini akapelekwa kwa Rais Paul Kruger. Aliyemtambulisha akasema huyu bwana anazunguka dunia. Kruger, aliyeamini kwamba dunia ni bapa, akamsahihisha mgeni kwa ukali: haiwezekani kuizunguka, labda anatembea ndani yake. Slocum alifurahia jibu hilo kuliko karamu zote.

Mwaka 1909 alitweka tanga tena, peke yake na Spray ile ile. Hakuonekana tena.

*Hukumu:* Unaona huyu ndiye namba moja, sivyo? Kila orodha duniani humweka moja. Ndiyo sababu hapa ni wa pili.

1. Monique

Ndiyo, kuku.

Guirec Soudée, kijana wa Ufaransa, alipofika Visiwa vya Canary na mashua yake ya chuma ya mita kumi, alitafuta mwenza asiye na maneno mengi. Akapata tetea mwekundu, akamwita Monique. Wakavuka Atlantiki pamoja. Wakapanda Greenland, wakaganda ndani ya barafu siku 130, giza nje, chakula kimepungua, na Monique akataga mayai 106. Tetea wangapi wa Kakamega, wenye jua, mahindi na mchwa, wamekupa mayai 106 kwa siku 130? Wakapita njia ya kaskazini-magharibi juu ya Kanada, wakateremka Pasifiki, wakafika bahari ya Antaktika. Walirudi Ufaransa Desemba 2018, wote wawili wakiwa hai.

Rudia hayo maneno: *wote wawili wakiwa hai.*

Mluhya asome aya hii akiwa ameketi. Mtu ameganda barafuni, njaa inamkodolea macho, pembeni yake ametulia tetea mnene, na hakuna jirani, mchungaji wala mkwe wa kushuhudia. Na hakumla! Miaka kadhaa! Huku kuku akiona tu mgeni anafungua lango, anaanza kuaga wenzake. Ingokho, yaani kuku wa kwetu, ajali yake ni ya Jumapili: akivuka salama misa ya pili, amebahatika. Sioni dhoruba ya Rasi ya Horn inayofikia mtihani huo wa nafsi.

Wabishi, nawaona mnanyoosha mikono. Mnasema ukiifuata ramani utaona Soudée aliyazunguka mabara ya Amerika kuliko kuizunguka dunia. Kweli. Mnasema pia kwamba hakuwa peke yake, kwa kuwa alikuwa na kuku. Kweli tena. Na Slocum, alipougua na kuona kivuli cha baharia wa Columbus kimeshika usukani wake, alikuwa peke yake? Naomi James alianza safari na mtoto wa paka. Mkiwaondoa wote hao mtabaki na Gabart na zile siku zake 42.

*Hukumu:* Monique, namba moja, bila rufaa. Anayebisha aje Kakamega tubishane mezani, uso kwa uso. Kuku atakuwepo.